Mtumiaji Amekataa

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Riziki Abdallah alikuwa kwenye chumba cha seva cha ofisi ya kuandikisha watu, mtaani Kasuku, akiandaa kifurushi cha programu mpya. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na bado kilinuka vumbi la kufagiwa. Kompyuta zilikuwa kumi na nne: tisa hapo hapo ofisini, tatu Mikelenge, na mbili ng'ambo ya Lualaba, Alunguli, zilizopata mtandao kwa antena iliyofungwa juu ya paa. Kazi yake ilikuwa kuziwekea zote programu ile ile bila kwenda kusimama mbele ya hata moja.

Aliijua kazi hiyo. Programu ikiachwa ijiwekee kwa namna yake, inauliza maswali: lugha gani, folda gani, unakubali au unakataa. Makarani kumi na wanne watatoa majibu ya namna kumi na nne. Kwa hiyo mtu anaandika mstari mmoja wa amri, na nyuma ya jina la kifurushi anapanga anachotaka: neno moja la kunyamazisha maswali yote, jingine la kuizuia mashine isijizime, jingine la kuandika kila hatua kwenye faili la kumbukumbu. Majibu anayaweka mwenyewe mapema, kwenye mstari huo huo. Mashine haimuulizi mtu.

Majibu aliletewa na mkurugenzi, Papa Isidore, yakiwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari. Isidore alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na minane, aliyejua majina ya watoto wa wafanyakazi wake wote. Majibu yalikuwa kumi na moja. La tisa lilihusu vitabu vya mwaka 2002, ambavyo programu ingevihamishia ndani ya kompyuta. Kwa kila mtu wa mwaka huo ambaye jina lake halikuwa na hati, jibu lilikuwa: AMEHAMA.

"Wote, Papa Isidore?" Riziki aliuliza.

"Wote, mama. Njo vile iko ndani ya kitabu. Sisi tunahamisha tu."

Riziki aliandika jibu la tisa kama alivyoandika la nane. Majina hayo yalikuwa sitini na moja, na mojawapo lilikuwa la baba yake. Abdallah Soudi alikuwa mpiga taipu katika ofisi hiyo hiyo. Siku moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2002, mji ulipokuwa umezingirwa na hata muhogo ukiingia kwa shida, alitoka saa sita kwenda kusali na hakurudi. Kitabuni iliandikwa kwamba amehamia Punia. Familia haikuwa na mtu Punia. Riziki alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Safi, alimfuata mumewe huko mara mbili, mara ya pili nusu ya njia kwa miguu.

Kompyuta ya kujaribia ilikuwa ile ya dirisha la tatu. Bibiche, karani wa dirisha hilo, alisimama kupisha kazi. Programu ilipofika asilimia thelathini na nane, Abdallah aliingia kwa mlango wa wateja, akaketi kwenye kiti cha Bibiche. Suruali yake ilikuwa imeloa hadi magotini. Alitoa leso, akafuta vibonye safu moja baada ya nyingine kama alivyokuwa akifanya kwenye taipu yake, kisha akabonyeza kimoja. Programu ikasimama.

Bibiche alimwomba asogee kidogo achukue mkoba wake. Akasogea.

Riziki alisoma faili la kumbukumbu. Lilisema kwamba swali la tisa lilipewa jibu AMEHAMA, na kwamba dakika moja baadaye kazi ilisimama kwa namba 1602. Namba hiyo maana yake mtumiaji amekataa. Kwenye kazi ya kimya hakuna mtumiaji, kwa hiyo Riziki alirudia mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa 1602. Akatoka chumba cha seva, akaenda dirisha la tatu.

"Asalam aleikum, baba."

"Aleikum salam. Umekuwa mukubwa."

"Niko na miaka makumi tatu na ine."

"Basi unakaribia kunipita." Yeye alikuwa bado na thelathini na tisa. "Mama yako?"

"Iko ku nyumba. Anakungoja."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo." Riziki alitazama skrini. Alitaka kumshika mkono, lakini watu watatu walikuwa wamepanga mstari, na alikuwa kazini. "Baba, juu ya nini unakatala?"

"Juu sikuhama," alisema Abdallah.

Saa nne Riziki alikipeleka kifurushi kwenye kompyuta zote kumi na nne kwa pamoja, na zote zilirudisha 1602. Karani wa Alunguli, Didier, alipiga simu kusema kwamba kuna mama mmoja amekaa kwenye kiti chake na anachuruzika maji.

"Anafanya nini?"

"Anakatala. Nimutoshe ku kiti?"

"Hapana. Muache."

Wale sitini na moja walikuwa wamefika wote; waliokosa kompyuta walisimama nyuma ya waliopata, wakipokezana viti. Makarani waliendelea na kazi kwa kalamu. Isidore alitoka ofisini kwake, akatazama kupitia kioo cha mlango, akawasalimu wachache kwa majina, kisha akarudi kuketi.

Riziki hakulala vizuri siku hiyo wala ya pili yake. Jumatano asubuhi alifungua tena mstari wa amri, akafuta jibu la tisa, akaandika AMEKUFA. Alibonyeza kabla hajapata muda wa kufikiri. Programu ilipita kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tano. Alunguli ilichelewa kwa sababu ya antena, nayo ikapita. Zote zilirudisha sifuri, namba ya kazi iliyokwisha salama. Wale sitini na moja walisimama, wakarudisha viti mezani, wakatoka. Abdallah alimwangalia Riziki akiwa mlangoni, akampungia ile leso.

Riziki alichapa cheti cha kifo cha baba yake, akakipeleka kwa Isidore kitiwe saini na muhuri. Alikuwa na furaha. Mama yake hakuwahi kukaa eda. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mke wa mtu aliyehama, akivaa vitenge vya rangi na kujibu kwamba mume yuko safarini, kwa kuwa imamu alikuwa amemwambia alete karatasi au shahidi.

Isidore alikisoma cheti mpaka chini. Alivua miwani.

"Miye nilikuwa pale," alisema. "Watu wa bunduki waliweka liste ya majina mbele ya baba yako, walisema apige taipu: hawa wote wamehama. Baba yako alikatala. Mukubwa wao alimuangalia tu. Saa sita baba yako alienda kusali. Saa saba walirudi na liste, jina yake ilikuwa imeongezwa chini, na mimi nilishika kalamu."

"Basi tia saini, Papa Isidore. Itakutoka rohoni."

"Nikitia saini, watauliza amekufa namna gani. Wakiuliza namna gani, watauliza nani."

"Hao wako wapi sasa? Vita ilikwisha."

"Vita ilikwisha, mama. Wao wako na vyeo. Moja wao njo mukubwa wangu, njo ananisainia miye."

Riziki alisema kwamba baba yake alikuwa na mke na mtoto, na hata hivyo alikataa. Isidore alisema hilo analijua, na kwamba halijapita juma bila yeye kulijua. Akakiweka cheti ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo, akamwomba Riziki aende apumzike siku mbili.

Alhamisi Isidore alimwita Didier kutoka Alunguli. Didier alikuwa amesomea kompyuta Kisangani na alifanya kazi vizuri. Alirudisha jibu la tisa kama lilivyokuwa, kisha nyuma ya neno la kunyamazisha akaongeza alama ya mshangao. Kwenye vifurushi vya namna hiyo, alama ya mshangao huondoa kitufe cha kukataa.

Walirudi wote sitini na moja, wakaketi. Didier aliposimulia baadaye, alisema walikitafuta kitufe kwa muda mrefu. Mama wa Alunguli alipitisha kidole juu ya skrini, pembe hadi pembe. Programu ilifika asilimia mia moja mbele ya macho yao na ikarudisha sifuri.

Lakini safari hii hawakuondoka. Saa tisa na nusu ofisi ilipofungwa walitoka pamoja na wafanyakazi, na asubuhi ya pili yake, mlango ulipofunguliwa, walikuwa wa kwanza kuingia. Bibiche alileta kigoda kutoka nyumbani, akafanya kazi ubavuni mwa Abdallah. Alisema Abdallah hamsumbui, ila sakafu inabidi ipigwe deki mara mbili.

Safi alikuja Jumatatu iliyofuata, baada ya binti yake kumweleza yote. Alikuwa na miaka sitini. Alipanga mstari dirisha la tatu nyuma ya watu wawili waliotaka vyeti vya kuzaliwa, na zamu yake ilipofika aliweka viganja vyote viwili juu ya ubao wa dirisha.

"Baba Riziki."

"Mama Riziki. Karibu."

"Unaonekana mutoto."

"Miye nilisimama. Weye ulitembea."

"Nilikufuata Punia mara mbili."

"Sikufika Punia."

"Ulifika wapi?"

"Nyuma ya ile ghala ya mafuta, pale maji inagusa. Haikuwa mbali na nyumba. Ulikuwa unaweza kusikia."

"Nilisikia," alisema Safi. "Nilisikia, nikafikiri ni watu wanafunga milango."

Abdallah alimpa leso. Ilikuwa imeloa, lakini Safi alifuta nayo uso. Bibiche akawaomba samahani, akasema kuna mtu nyuma.

Kutoka hapo Safi alikwenda moja kwa moja kwa imamu. Alisema kwamba sasa shahidi yupo, ni mwenyewe, amesema mahali na namna. Alikuwa amebeba nguo nyeupe ya eda kwenye mfuko, tayari. Imamu alimsikiliza kwa huruma, akafungua vitabu, akavifunga. Alisema maiti hawezi kuwa shahidi wa kifo chake. Tena watu wa msikiti walikuwa wamemwona Abdallah kila asubuhi akipita kuelekea ofisini, na baadhi yao walisalimiana naye. Mwanamke hawezi kukaa eda ya mume ambaye watu wanamwona akienda kazini.

Safi alirudi nyumbani na mfuko wake. Riziki alimkuta ameketi uani akiwa na kitenge chake cha kijani, mikono juu ya magoti, haombolezi wala hafanyi kazi. Alikaa karibu naye hadi magharibi. Mama yake alisema neno moja tu, kwamba afadhali zamani, alipokuwa anangoja.

Kesho yake Riziki aliingia kwa Isidore bila kubisha na kudai kile cheti.

"Mama," alisema Isidore, "kila muntu anamuona. Namna gani nitaandika amekufa?"

"Basi andika kweli moja, hata ndogo."

Isidore alisimama, akaenda naye hadi dirisha la tatu, akavuta kigoda cha Bibiche, akaketi kando ya Abdallah. Alifungua ukurasa wake kwenye programu mpya. Penye hali, palipoandikwa AMEHAMA, hakugusa. Penye anwani palikuwa patupu, kwa kuwa kitabu hakikutaja mtaa wala namba ya Punia. Isidore aliandika humo kwa vidole viwili, polepole: Kasuku, ofisi ya kuandikisha watu, dirisha la tau.

Abdallah aliinama kusoma. Alimwonyesha kwa kidole herufi iliyokosekana.

Isidore alimshukuru, akaiongeza, akahifadhi.