Ada ya Injinia

Binti alipopata nafasi katika kile chuo kikubwa, mtaa mzima ulijua siku hiyo hiyo, maana shangazi yake mdomo wake hauna breki. Nyumbani walimwita Injinia tangu utotoni, kwa kuwa hakuna redio iliyowahi kusalimika mikononi mwake. Baba yake alikuwa fundi wa meno ya bandia, mama yake muuguzi wa wodi ya wazazi. Hawakuwa watu wa kulala njaa, lakini ada ile wasingeiweza bila kuuza nyumba.

"Tutahamia ya kupanga," mama alikata kauli. "Jina la chuo kile linafungua milango."

Baba akatafuta dalali.

Mnunuzi alikuja na mkewe. Wakapita chumba hadi chumba, mke akipima madirisha, akisema ukuta wa jikoni utavunjwa. Baba akawa anasifia tangi la maji kana kwamba amelizaa yeye. Mama alijikaza kisabuni, akawaandalia chai. Injinia alisimama kwenye korido na bibi yake, aliyemuuliza kwa sauti ya chini kitanda chake kitawekwa wapi huko waendako.

Jumamosi iliyofuata chuo kikawaalika wanafunzi wapya na wazazi wao. Kijana mmoja mchangamfu aliyefunga tai, wa mwaka wa pili, aliwatembeza mpaka kwenye karakana yenye mashine zinazong'aa.

"Hizi tutaanza kuzitumia lini?" Injinia aliuliza.

"Mwaka wa tatu. Hata mimi zamu yangu bado." Kijana akacheka. "Lakini watu utakaojuana nao hapa, dada yangu! Hicho ndicho hasa tunacholipia."

Wakati wa kurudi baba ndiye aliyeendesha gari. Walipofika kwenye kituo cha mafuta, Injinia akapiga moyo konde.

"Baba, simama kidogo. Sitaki kusoma pale."

Mama akageuka. "Umeogopa?"

"Hapana, mama. Pale ni pazuri, na kama tungekuwa nazo ningekwenda mbio. Lakini chuo cha serikali nacho kimenipokea. Nilikwenda kuwaona: wa mwaka wa kwanza wanafungua pampu mpaka wanachafuka viwiko. Mimi nataka pampu. Halafu bibi alale sebuleni kwa watu, nami niko darasani? Masomo yataingia kweli kichwani?"

Baba akasubiri radi ipige. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Baba alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, ila kicheko ndicho kilichokuwa kingi.

"Nilikuwa naomba mtu aseme!" alisema. "Yule mwanamke alipogonga ukuta wa jiko langu, nusura nimmwagie chai."

"Sasa mbona ulinyamaza?" baba aliuliza.

"Mimi nilisema tu; ulipomleta dalali nikajua wewe umeshaamua!"

"Mimi? Mimi juzi nimemtengenezea mteja meno ya juu, kumbe kaagiza ya chini. Akili ilikuwa imehama kabla ya mizigo!"

Wakacheka mpaka mhudumu wa kituo akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Baba akampigia mnunuzi palepale, roho juu. Alipomaliza kuomba radhi, akasikia mtu akishusha pumzi ndefu upande wa pili. "Afadhali, ndugu yangu. Mke wangu hazitaki zile ngazi za mlangoni kwenu. Nilikuwa sijui nianzie wapi."

Si kwamba mama hakuumia. Kule wodini alikuwa keshawatangazia wenzake, na kwa majuma kadhaa shangazi alipouliza habari za chuo alijibiwa kwa mkato. Lakini masomo yalipoanza, Injinia alirudi jioni moja na grisi kwenye mikono ya shati, akisimulia mambo ya valvu za pampu bila kupumua. Mama akamwamuru avue viatu mlangoni, akamsogezea kiti, akamwambia aanze upya, taratibu, maana hakuelewa hata neno moja.