Picha ya Jumanne

Tetemeko lilipiga Jumamosi usiku, na kufikia Jumatatu asubuhi mchora ramani alikuwa keshapaka rangi miji ishirini na mitatu. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unachukua picha ya setilaiti ya taa za usiku kabla ya tetemeko, unailinganisha na ya baada yake. Palipopoteza taa panakuwa pekundu, na malori ya waokoaji huenda huko kwanza. Pasipobadilika panabaki kijani.

Mji wa mama yake ulikuwa kijani. Simu za huko zilikuwa hazishiki tangu Jumamosi, kwa hiyo rangi ile ilimtuliza moyo, akaenda kujimiminia chai.

Chai haikufika nusu. Picha ya kabla aliichagua mwenyewe, ya Jumanne, kwa kuwa anga lilikuwa jeupe, bila wingu wala mbalamwezi. Na Jumanne ndiyo zamu ya mji wa mama kukatiwa katika mgao wa umeme. Mji uliokuwa giza kabla na giza baada, kompyuta inauona mzima wa afya.

Alikwenda kwa mkuu wa kitengo, mzee waliyembandika jina la Rula kwa kupenda vipimo. Rula alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani anaishi huko, akavua miwani.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, binti yangu. Malori ni tisa. Nikikupa wewe mawili, namnyang'anya mama wa mwenzio. Nionyeshe kitu."

Hakumlaumu. Shirika la umeme halikupokea simu. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa sauti wa Jumanne usiku, ambao hakuwahi kuujibu. Akaiweka simu mezani, na haya zikamshika kabla ujumbe haujaanza.

"Umeme umeondoka tena bila kuaga, kama wewe," mama alisema. "Afadhali wenyewe hurudi. Wanasema mpaka asubuhi. Mji mzima ni giza, nimejigonga goti kwenye stuli. Haya, usipige, najua una kazi."

Waliokaa karibu walicheka. Rula naye alicheka, kisha akaangalia tarehe, akaacha.

"Weka picha ya Jumatano," alisema.

Ya Jumatano ilikuwa na wingu pembeni, lakini mji ulionekana vizuri, taa zote zikiwaka. Alizilinganisha upya. Mji ukageuka mwekundu kuliko yote ishirini na mitatu, hasa mtaa wa mlimani, ambako mama alijenga. Rula alikuwa keshashika simu, akiyageuza malori mawili.

"Umesema kweli," alimwambia.

Asubuhi nzima alikuwa ameipigania rangi ile kama mtu anayedai haki yake, na sasa amepewa. Akaogopa. Akaufungua ujumbe wa Jumanne, akaandika jibu alilochelewa siku sita: "Mama, goti linaendeleaje?"

Akatuma. Ujumbe haukufika.