Usifute

Mwalimu akistaafu, akihama au akifariki, akaunti yake ya mtandao ilifungwa siku hiyohiyo, kabla ya chai. Ndivyo ilivyokuwa katika ofisi ya teknolojia ya shule za wilaya, na aliyetunga sheria hiyo na kuibandika mlangoni ni mkuu wa ofisi, mwanamke ambaye walimu wote walimwita Mama Mtandao. Ilikuwa imevunjwa mara moja tu. Aliyeivunja ni yeye mwenyewe.

Akaunti iliyobaki wazi ilikuwa ya mumewe. Huyo alijulikana kama Mwalimu Waya, maana ndiye aliyeuingiza mtandao mashuleni kwa mikono yake, akitambaa kwenye dari hadi anatoka na tandabui kichwani, kisha akawafundisha walimu kompyuta. Mwaka jana moyo wake ulisimama ghafla. Mke, aliyekuwa msaidizi wake, akarithi kiti chake ofisini, na hadi leo hakuna aliyemwona akilia, hata siku ya mazishi. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Watu hawakosi la kusema.

Wasichokijua ni kwamba kila siku ya shule, kengele ya asubuhi ilipokaribia, kitone cha kijani kiliwaka kando ya jina la marehemu kwenye kompyuta ya mjane. Maana yake ameingia. Yupo. Mara ya kwanza kukiona, mama wa watu alijimwagia chai mapajani na wala hakusikia moto wake. Kujua kitone kinatoka shule gani kulitaka kubonyeza mara mbili tu. Hakubonyeza. Hakuwa mjinga, alijua wafu hawaingii mtandaoni. Lakini kilipowaka aliinama karibu na kioo na kunong'ona, "Umeamkaje?" kama alivyomwuliza mumewe kila asubuhi ya ndoa yao, na mchana kutwa akajihisi ana mtu. Jioni kilipozimika alichukua mkoba, akaenda kulala kwenye kitanda kilichokuwa kikubwa mno kwake.

Aliyekuja kuivuruga faraja hiyo ni Fundi Antena, mlinzi wa mtandao, mrefu hadi anainama milangoni, rafiki wa marehemu tangu ujana.

"Shemeji, kuna mtu wa nje anajaribu kuingia kwa jina la kaka. Anajaribu neno la siri hili, anajaribu lile, kama mwizi mwenye bunda la funguo."

"Mzuie."

"Nikimzuia huku, anatokea kule. Na siku akibahatisha tumekwisha. Akaunti ile inafungua makabati yote. Alama za watoto, wanakoishi, nani anaumwa nini, nani kafichwa kwa shangazi ili baba asimpate. Vyote!" Akashusha sauti. "Ifunge, shemeji. Au niruhusu niifunge mimi."

"Usiiguse!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Akajilainisha. "Nitaifunga kesho."

"Kesho ndiyo uliyoniambia wiki iliyopita."

Kabla hajajibu, kompyuta ikalia. Ombi la msaada lilikuwa limeingia, na jina la mwombaji lilikuwa la mumewe. Chini yake maneno machache: *Tunakusubiri huku. Mbona huji?*

Antena aliyasoma juu ya bega lake. "Salale!" akasema, na huyo ni mwanamume anayepanda minara bila kamba.

Mama Mtandao aliogopa, na ndani ya hofu ile kulikuwa na furaha ya ajabu iliyomwaibisha. Akabonyeza mara mbili. Kitone kilitoka shule ya mwisho kabisa, chumba cha mafunzo. Ndimo Mwalimu Waya alimofundisha mara ya mwisho maishani mwake, na ndimo mjane wake hakuwahi kukanyaga tangu hapo. Kila alipopanga kwenda kuwafundisha walimu wa huko, gari liliharibika, au kichwa kiliuma, au palizuka kikao.

Safari hii alikwenda. Mwalimu mkuu, mama mwenye mvi na miwani iliyofungwa uzi, alimpokea mlangoni mwa chumba hicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umeupata ujumbe wangu."

"Wako?"

"Wangu. Kwani ulionyesha jina la nani?"

Mama Mtandao alikuwa akitazama ndani. Alikuwa ameshauona ubao mweupe. Mwandiko ule angeutambua hata gizani, herufi zenye mikia mirefu: jina kamili la mumewe, neno lake la siri, na pembeni, kwa herufi kubwa, USIFUTE. Ubao wote ulikuwa umefutwa mara nyingi mno, lakini walimu walipita pembeni ya maneno yale kwa heshima, kama watu wanaozunguka kaburi.

"Siku ile akaunti zetu zilikuwa bado," mwalimu mkuu akaeleza. "Akatuandikia yake iwe mfano, tujizoezee. Akasema nitarudi kuwafungulia za kwenu. Nasi maisha yetu yote tunawaambia watoto, kilicho ubaoni nakili kama kilivyo. Tukanakili. Kila asubuhi wa kwanza kufika anaingia nayo."

Mganga hajigangi. Mtu aliyehubiri wilaya nzima kwamba neno la siri ni siri, ndiye huyu.

"Lakini mlijua kwamba hayupo."

"Tulimzika pamoja nawe, mwanangu. Ila aliyesema tusifute ni yeye, na wa kuja badala yake hakuja."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Walimu walikuwa wameanza kuingia, wanakaa kwenye viti wakisubiri mafunzo. Akachukua kitambaa na spiriti. Neno la siri likatoka. Jina likatoka kwa shida, herufi baada ya herufi. Alipofika kwenye USIFUTE, mkono ukagoma kabisa.

"Nipe mimi," mwalimu mkuu akamwambia polepole. "Wewe fundisha."

Akawageukia walimu. "Mume wangu amefariki," akasema. Hakuwa amewahi kulitamka. "Leo kila mmoja ataingia kwa jina lake. Neno la siri asimwambie mtu. Hata mume."

Wakacheka, naye akacheka kidogo, na macho yakabaki makavu. Nyuma yake kitambaa kilikuwa kikisugua. Alipomaliza kuwafungulia wote akaunti zao, akaifunga ile moja, kitone kikazimika mchana kweupe.

Asubuhi iliyofuata aliwahi ofisini kama kawaida, akaketi, akaitazama orodha. Walimu wa shule ile walikuwa wakiingia mmoja mmoja kwa majina mageni. Jina alilolizoea halikuwepo, ila mdomo ulishafunguka wenyewe.

"Umeamkaje?"

"Salama, shemeji," akajibu Antena, aliyekuwa amesimama nyuma yake na vikombe viwili vya chai.

Hapo ndipo mama wa watu alipolia.