Damu ya Mpwa

Kwao Lifou, kisiwa cha Pasifiki chini ya Wafaransa, Wajoka alikuwa shemasi, na Biblia yake aliisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Hapa Paris, mwaka wa maonyesho makubwa ya makoloni, alikaa kifua wazi ndani ya uzio wa bustani ya wanyama, jirani na mamba, chini ya kibao kilichosema kwamba yeye na wenzake ni wala watu. Jambo moja tu lilimkaa moyoni: kumrudisha mpwa wake Katrawa kwa dada yake akiwa mzima. Kwa desturi yao, damu ya mtoto ni ya upande wa mama. Aliyeimwaga humwendea mjomba na kitambaa, akainamisha kichwa mbele yake, na ugomvi ukaisha.

Jumapili hiyo mlinzi mwenye masharubu mekundu alimtupia Katrawa pande la nyama mbichi.

"Tafuna! Nguruma!"

Katrawa akamgeukia mama mmoja aliyeegemea uzio, akasema kwa Kifaransa safi, "Habari za mchana, bibie? Mimi ni karani wa bandari. Nyama hii hata mbwa wetu angeisusa."

Watu wakacheka. Yule mama akanuna. "Nimelipa kiingilio nije kumwona karani?"

Mlinzi akaruka uzio. Mjeledi ukamchana Katrawa kuanzia shavuni hadi mdomoni, damu ikamchirizika kifuani.

Wajoka akasimama kati yao. "Bwana, hiyo damu ni yangu. Inama uniombe radhi, yaishe."

"Ala! Mzee naye ana itifaki zake!" Mlinzi akawakonyeza watazamaji, akachomoa leso mfukoni, akainama nusura aguse nyasi. "Pokea, mtukufu. Nisamehe mimi mkosaji."

Makofi yakalipuka.

"Mjomba, anakuchezea shere huyo," Katrawa alisema huku akitema damu.

"Ameinama, mwanangu. Nimemwona kwa macho yangu."

Kwao hakuna mtu aliyewahi kuinama kwa mzaha. Wajoka akaipokea leso kwa mikono miwili, akatamka maneno ya kusamehe, akamshukuru Mungu.

Mjeledi ukashuka tena mgongoni mwa Katrawa. Mara mbili.

"Sasa nguruma!"

Pigo baada ya mapatano ni vita. Wajoka aliokota rungu la kuchezea ngoma, mti mgumu waliotoka nao nyumbani, akalishusha kwenye mkono wa mjeledi. Mfupa ukalia. Watu wakashangilia, mpaka mfupa ulipochomoza nje ya ngozi, mweupe. Hapo wakaanza kupiga mayowe, na walinzi wanne wakaingia na vyuma vya kufukuzia mamba.

"Mjomba, kimbia!"

"Wewe lala chini!"

Akamwangusha mpwa wake, akamlalia juu. "Bwana, mlinde huyu," aliomba. "Yule mwingine nitamsamehe, lakini si leo."

Chuma kikamvunja mbavu. Kikamvunja bega. Wakajaribu kumvuta miguu, hakubanduka, wakampiga kichwani. Chini yake Katrawa alilia kwa sauti, akipumua kwa nguvu, na hakuna pigo hata moja lililomfikia.