Mar del Plata Mwezi wa Nane

Watoto wangu walipoanza kunipangia likizo, sikuwashuku hata kidogo. Nani anamshuku mtoto anayemwambia akapumzike? Nduta, kitinda mimba wangu, alikuja Jumapili moja baada ya kanisa na simu iliyojaa picha za mji unaoitwa Mar del Plata, huko Ajentina, mahali watu wa nchi ile wanapokwenda kuota jua na kuoga baharini. Nikaonyeshwa ufuo na mahoteli, na bandari ambako simba wa bahari hulala wamejinyoosha kama walevi. Nikamwambia mimi ni mtu wa Kitengela, simba wanaotoroka mbugani na kuja kula mbuzi wetu wananitosha.

"Hawa hawana shida, Mum," akasema. "Utapiga picha na wao."

Aliyelipa ni kaka yake, Githongo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Huyo ni mkono wa birika, na hilo peke yake lingenizindua. Lakini sifa zilinilevya. Nilimwambia kila mtu mtaani kwetu Noonkopir, hata wale ambao hawakuuliza. Pasipoti ikatoka, Nduta akaomba ruhusa kazini anisindikize, tukawa tunachagua hoteli jioni kama wasichana wanaochagua kitambaa. Nilitaka chumba chenye dirisha linalotazama maji, nikakipata.

Kilichonipa uzito kilikuwa kumwacha mume wangu. Njuguna amezikwa nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ua. Upande wake wa kushoto niliacha ardhi wazi, silimi wala sianiki nguo, kwa sababu hapo ni pangu. Tulikubaliana hivyo akiwa hai. Ndoa yetu haikuwa ya asali, tuligombana mpaka juu ya chumvi, ila kulala mbali naye sikutaka. Nilimwambia Githongo maneno hayo hayo siku nilipokubali ploti iandikwe jina lake.

Kisha Apondi akaharibu furaha yangu. Ni mpangaji wangu wa chumba cha mbele, anafundisha jiografia shule ya upili.

"Mwezi wa nane?" akashangaa. "Mama Githongo, huko itakuwa baridi. Watu wanaenda hiyo beach January. August ni upepo na makoti, hata hoteli zingine zinafungwa."

Nikampigia Githongo simu. Nikamwambia tusogeze safari hadi Januari, maana baridi ninayo hapa Kitengela na silipii.

"Haiwezekani, Mum."

"Kwa nini? Bahari itahama?"

"Dates zimeshapangwa. Wewe enda tu."

Nikamuuliza Nduta alipokuja. Akainamisha uso, akasema Githongo ndiye anajua. Mtoto niliyemnyonyesha mpaka akawa anakuja kunyonya akikimbia alishindwa kunitazama. Hapo nikaanza kuogopa, na sikujua ninaogopa nini.

Alhamisi akaja Koinet. Ndiye aliyetuuzia ardhi hii wakati ilikuwa nyasi tupu, na tumeshazeeka pamoja kwa ujirani. Alikuja bila ng'ombe, amevaa viatu vya kwenda ofisini.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitika, nikaweka chai. Hakuigusa.

"Nimekuja kukuambia pole mapema," akasema. "Hiyo siku utakuwa kwa ndege."

"Pole ya nini?"

"Ya yule mzee wako. Watu wa afya walikuja kuuliza majirani kama tuko na neno, juu ya kumtoa hapo. Nikasema hiyo ni maneno ya mama. Githongo akasema umekubali, ni kuona tu ndio hutaki." Alizungusha kofia mikononi. "Mimi sipendi kuongea juu ya mtu ameenda. Lakini nikaona siwezi kukutana na wewe kwa barabara na hii kitu iko kwa roho yangu."

Hapo ndipo wanangu walipokosea. Walijua Mmaasai wa rika la Koinet hataji wafu, jina la mume wangu hajalitamka tangu tumzike. Wakadhani atalibeba jambo lao kimya mpaka nirudi. Hawakufikiria kwamba mtu anayewaheshimu wafu kiasi hicho hatakubali kumdanganya mjane wao.

Githongo alikuja jioni na Nduta nyuma yake. Hakukana. Ameuza ploti, na anayenunua anataka kujenga ghorofa za kupangisha.

"Nani atalipa rent akilala juu ya kaburi, Mum? Alisema lazima itoke kwanza."

"Na mimi?"

"Utakaa kwangu. Room yako iko tayari."

"Sikuulizi nitakaa wapi. Nauliza nitazikwa wapi."

Nduta akaanza kulia, akasema, "Hatukutaka uone, Mum. Tulitaka urudi kama imeisha, uwe umepumzika."

Na ninawaamini, ndilo linaloniuma. Laiti wangekuwa wakatili tu ningewalaani nikalala usingizi. Walichagua hoteli nzuri kwa moyo safi, na tarehe wakaifuata ya wachimbaji.

Nilikwenda kwa chifu. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia hati ina jina la Githongo na niliyekubali ni mimi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Nduta siendi popote, awaambie watu wa hoteli wampe mwingine dirisha langu.

Siku ya kuchimba, nilikuwa kwenye kiti kando ya tangi kabla vijana wa majembe hawajafika. Jeneza lilikuwa limeoza. Afisa wa afya akataka mtu wa familia athibitishe. Githongo akasogea, akaona, akageuka na kushika ua kwa mikono miwili huku akitapika. Nduta alikuwa amejifungia garini. Nikainuka mimi. Niliijua sweta, niliifuma kwa mkono wangu na nikamvisha mwenyewe.

"Ndiye," nikasema. Ningekuwa Ajentina siku hiyo, sijui nani angemtambua baba yao.

Tulimpeleka makaburi ya umma, upande wa Kajiado. Kasisi alisema machache, tukamfukia. Nikatazama kulia, kuna kaburi la mtu. Nikatazama kushoto, shimo limeshachimbwa, udongo bado mbichi. Nikamwita mlinzi wa pale, mzee anayeitwa Munguti, nikamwomba hilo shimo lifunikwe wanihifadhie.

"Mama, hapa hatuwekei mtu nafasi," akasema taratibu. "Tunafuata mstari."

"Ni mume wangu huyu."

"Naelewa. Lakini hata mimi sipewi."

Githongo akaanza kutoa pochi, mzee akatikisa kichwa. Mwanangu akasimama na pochi yake wazi, mtu mzima mwenye ndevu, na nilimwonea huruma kwa hasira ile ile niliyokuwa nayo.

Kabla hatujaondoka, watu wa shimo lile wakafika na jeneza jeupe na kwaya. Nikauliza wanamzika nani. Wakasema ni mama mmoja wa Isinya, mjane, mwanamke mpole sana. Wakamshusha kushoto kwa Njuguna, karibu kiasi kwamba mchanga wao uliangukia kaburi lake. Nilitamani kuwafukuza. Lakini walinipa nafasi nisimame nao, wakidhani nimekuja kumlilia, na mmoja akanishika mkono, basi nikaimba nao mpaka akafunikwa.