Mama Rose na Mwamba wa Dagaa

Kila asubuhi baada ya chai, Mzee Masalu alitoa kiti chake hadi kwenye kivuli cha jiwe kubwa, akaweka ubao wa sataranji juu ya ndoo, akamngoja Shaibu, fundi cherehani. Sataranji alijifunza katika masomo ya jioni, miaka aliyokuwa akitengeneza injini za boti. Alijivunia kwamba katika kilima chao chote cha Ilemela hapakuwa na mtu wa umri wake aliyejua farasi anaruka vipi. Shaibu alijua, lakini alifundishwa na babu yake, na hiyo Masalu hakuihesabu kuwa elimu.

Waligombana juu ya kete moja tu.

"Huyu ni waziri," alisema Shaibu. "Babu alimwita hivyo. Tena zamani alikwenda nyumba moja tu ya ubao, mshazari, kama mtu anayekwepa tope."

"Ni malkia. Mwalimu alituandikia."

"Haya, malkia. Sasa hiyo miguu ya kufika popote aliipata wapi?"

Masalu alisema swali hilo halikuwamo katika masomo ya jioni. Akaacha kuiita malkia, akaanza kuiita Mama Rose, kama alivyomwita mkewe, maana ndiyo kete iliyomwokoa kila alipobanwa. "Mama Rose, hebu kaangalie kule," alisema, akaisukuma hadi ng'ambo ya ubao.

Wiki hiyohiyo mkewe alianza kutembea namna hiyo. Alitoka mlangoni na beseni lake kwenda Mwaloni, soko la samaki kule Kirumba, akafika kwa hatua moja. Hakuruka, anayeruka ni farasi. Alikwenda tu, juu ya mawe na mabati, akakata kona ya ziwa bila kulowesha ndala, mradi njia imenyooka na hakuna mtu katikati. Kwenda soko la Mkuyuni alipita mshazari. Majirani walizoea upesi. "Pisheni mstari, Mama Rose anapita!" watoto walipigiana kelele. Padri alimwomba tu asikatishe kanisani wakati wa mahubiri.

Masalu naye alibadilika. Alikwenda hatua moja, kama mfalme wa ubaoni, kisha akalazimika kusubiri mtu mwingine afanye jambo ndipo aende nyingine. Daktari alimpapasa magoti, akasema ni mazima. Masalu hakusikitika. Chai ilimfuata alipo, sangara alimfikia amekwisha kukaangwa, na maji ya kuoga yalipanda kilima yenyewe, yaani kichwani mwa mkewe.

Mke huyo, ambaye kwa ubatizo aliitwa Wilhelmina, alitaka kitu kimoja: mwamba. Ulikuwa chini ya nyumba yao, mpana na bapa. Alipoolewa aliukuta umejaa miba na takataka. Aliufyeka, akausugua mwenyewe, na ndipo alipoanika dagaa waliosomesha watoto. Lakini ukoo uliuhesabu kuwa wa marehemu baba yake Masalu, na Mashimba, kaka mkubwa, alituma habari kutoka Magu kwamba anakuja kuupasua kuwa kokoto za kuuza.

"Baba Rose, utamwambia hapana?" Wilhelmina alimuuliza mumewe.

"Nitamwambia."

"Utafika pale mwambani?"

Masalu alipima kwa macho. "Nikianza mapema."

Mashimba alifika adhuhuri, na nyundo na matairi mabovu ya kuchomea mwamba ili upasuke.

"Shikamoo kaka!" Masalu alipaza sauti kutoka kitini.

"Marahaba. Njoo huku tuongee."

"Nakuja."

Masalu alikwenda hatua moja. Mashimba alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaanza kupanga matairi. Shaibu akatoa simu, akampigia Wilhelmina.

"Shemeji, uko wapi?"

"Mwaloni, nachagua dagaa."

"Mkubwa wenu amefika, ana kiberiti."

"Amesimama wapi?"

"Katikati ya mwamba."

"Mwambie abaki hapohapo."

Alikuja juu ya maji, beseni kichwani, na mstari wake ukaishia pale aliposimama Mashimba. Nyumba moja haikai kete mbili za mahasimu. Wilhelmina alitua beseni, na Mashimba hakuwepo. Baadaye alipiga simu kutoka stendi ya Nyamhongolo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mzima, nyundo mapajani.

"Mdogo wangu, mkeo amenila."

"Pole kaka," alisema Masalu. "Ukishaliwa hurudi mpaka mchezo uanze upya."

Jumapili wazee wa ukoo walikaa, wanaume sebuleni, wanawake jikoni. Walikubaliana kwamba Masalu ameulinda mwamba kiume, na kwamba ni wake. Luhende, binamu yake, alikuja na kopo la rangi nyekundu ili waandike juu yake, mtu asijaribu tena.

"Tuweke na Mama Rose," alisema Masalu.

"Mama Rose si jina la kuandika. Jina lake hasa nani?"

"Wilhelmina."

"Linaandikwaje?"

Wote walimtazama Masalu, msomi wao. Alianza vizuri kichwani, lakini alipofika katikati hakuwa na hakika ile herufi he inakaa wapi, na watu walikuwa wengi.

"Ni refu," alisema. "Halitaenea."

Mwamba ule ulienea dagaa wa mitumbwi mitatu. Luhende aliandika: MWAMBA WA MASALU. HAUUZWI.

Asubuhi Wilhelmina aliusoma, akasema rangi ni nzuri. Shaibu, aliyekuwa bado na swali lake, alimuuliza kwa nini malkia ana nguvu kuliko kete zote.

"Kwa sababu mfalme hatembei," alijibu. "Angetembea, nani angemtuma mkewe?"

"Lo!" Shaibu alicheka mpaka akaangusha kete mbili za askari.

"Na malkia akiliwa?" Wilhelmina aliuliza.

"Mchezo unaendelea. Unaisha mfalme akibanwa," alisema Shaibu.

"Basi ni mchezo wenu," alisema Wilhelmina, naye akacheka. Masalu pia alicheka, maana mwamba ulikuwa umepona na chai ilikuwa na tangawizi.

Wilhelmina alianza kuanika dagaa kwenye herufi ya kwanza, akashuka nazo moja moja. Jua lilipokolea, maandishi hayakuonekana tena, paling'aa fedha tupu ya dagaa. Jioni alianua, akafagia magamba. Jina la Masalu lilikuwa palepale, na rangi haikubanduka hata kidogo.