Msonobari Ulioshika Theluji

Jumanne, baada ya kuosha vyombo, Oddlaug Hjelle aliweka kipande cha bomba la chuma juu ya jiko, akangoja mpaka tone la maji likarukaruka juu yake, ndipo akaanza kukunja mbavu za gitaa. Alizilowanisha, akazikandamiza kwenye bomba polepole. Mbao nyembamba namna ile ukiziharakisha zinakatika.

Alikuwa mjane kwa miaka kumi na minne. Katika nyumba ya sala ya kijiji chao, chini ya mlima, mstari wa mbele ni wa wanawake wapiga gitaa, na kila aketiye pale hupewa nafasi ya kusema mara moja kwenye mkutano wa mwaka. Oddlaug alikuwa na jambo moja tu la kusema. Maporomoko ya theluji yaliua watu wanne, na jiwe la ukumbusho lililo mlangoni lina majina matatu. La nne, la mumewe, Arnfinn, liliachwa kwa kuwa ndiye aliyekata misonobari iliyokuwa ikikinga kijiji.

Bao la uso wa gitaa alipewa na Ndugu Torleiv, mwenye msitu na kiongozi wa nyumba ya sala. Lilikuwa limekauka ghalani mwake tangu misonobari ile ikatwe. "Mjane asinyimwe kitu," alisema siku aliyolileta. Mti wa mteremkoni hukua taratibu, mistari yake hubanana, na hakuna ulio bora kuliko huo kwa gitaa.

Wifi yake, Gunnvor, alikuja na birika la kahawa, akazitazama mbavu zilizobanwa kwa vibanio vya nguo.

"Wifi, hilo ni gitaa au umeanika soksi?"

"Kaa, unywe kahawa yako."

Oddlaug alilichukua bao, akalishika pembeni kwa vidole viwili, akaligonga kwa kifundo cha kidole ili asikie linavyolia. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote, ili wajue waendelee kuliranda au waache.

Bao likasema, kwa sauti ya Arnfinn: "Torleiv, tuuache huu. Huu ndio unaoshika theluji."

Kisha kwa sauti ya Torleiv, ya ujanani: "Kata. Msitu ni wangu."

Gunnvor alikata kipande cha jibini ya kahawia. "Bado Arnfinn ana mafua," alisema.

"Yalimshika wiki ile nzima."

"Nilimwambia avae skafu. Kaka yangu hasikii."

Oddlaug aligonga tena, likasema vilevile. Akaona kuwa unene unatosha, akaweka randa chini.

Alhamisi alikuja Torleiv. Habari ilikuwa imeshamfikia, maana Gunnvor hakuwa mtu wa kukaa na kitu moyoni. Hakuketi. Alilichukua bao kutoka mezani, akasimama nalo karibu na jiko, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Oddlaug alibaki na brashi ya gundi mkononi. Gundi ilianza kuganda. Hakuichovya tena.

Torleiv aligonga mara moja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sauti iko juu kidogo, dada. Ungeliranda zaidi."

"Nikiliranda zaidi litanyamaza, Ndugu Torleiv."

"Nitakuletea jingine. Ninayo mengi."

"Hili limenitosha."

Kuni zililia ndani ya jiko. Torleiv alilitazama bao, akautazama moto, akapitisha kidole gumba juu ya mistari ya mti kama mtu apimaye kitambaa.

"Msumeno ulikuwa mkononi mwa nani?" aliuliza.

"Mwa Arnfinn," alisema Oddlaug, kwa sababu hakuwa mwongo.

Torleiv alirudisha bao mezani, akavaa kofia yake. "Basi," alisema. Alipotoka, Oddlaug alipasha gundi upya, akaomba sala fupi, akaendelea na kazi.

Mkutano wa mwaka ulikuwa Jumapili ya pili ya Machi, saa tano asubuhi. Oddlaug aliketi mstari wa mbele na gitaa lake mapajani. Wimbo wa kufungua ulipotajwa, alipitisha kidole kwenye nyuzi zote. Tumbo la gitaa likasema maneno ya Arnfinn, likasema na ya Torleiv, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. Watu walingoja limalize. Kisha wakaimba beti zote nne.

Zamu yake ilipofika, Oddlaug alisimama. Katibu aliinua kalamu.

"Dada Oddlaug, kanuni ni kiti kimoja, kusema mara moja. Kiti chako kimeshasema."

"Limesema gitaa. Mimi bado."

"Nimeshaandika," alisema katibu, akamgeuzia daftari. Maneno yalikuwa pale, yote, kwa mwandiko mzuri.

Torleiv aliinamisha kichwa. "Lina sauti safi," alisema. "Tumshukuru Mungu kwa mikono ya dada yetu. Ajenda inayofuata ni paa."

Siku hizi gitaa hilo hupigwa kila Jumapili. Hakuna aliyewahi kusema kuwa lina uongo. Wapigaji wengine wamejifunza kulingojea: linasema, wanahesabu mpaka tatu, ndipo wimbo unaanza. Watoto hutikisa midomo pamoja nalo. Oddlaug akitoka hupita kwenye jiwe, hupangusa theluji kwa kiganja cha mkono, na kusoma majina matatu.